Video Ikikwama, Kurenda Kukigoma: Jua Kwanza Mzigo Umelemea Wapi

Programu ya kuhariri video ikianza kugandaganda, wengi wetu hufanya mambo matano kwa mpigo: kufuta kashe, kusasisha draiva, kushusha ubora, kufunga programu nyingine zote, kuwasha upya kompyuta. Ikipona, hujui kilichoiponya. Isipopona, hujui umeongeza nini juu ya tatizo. Wiki ijayo likirudi unaanza upya kubahatisha, na mteja wa harusi anapiga simu kila saa.

Video hukwama kwa sababu ya sehemu chache tu: faili lenyewe, diski, prosesa, RAM, kadi ya picha (GPU), au efekti ulizopachika. Kazi yako ya kwanza ni kujua ni ipi kati ya hizo imelemewa. Ukishajua, tiba huwa fupi, na mara nyingi haidai hata shilingi. Mifano mingi hapa ni ya Premiere Pro na DaVinci Resolve, lakini hata anayetumia CapCut ya kompyuta au Filmora atafuata njia hiyohiyo. Yanayobadilika ni majina ya menyu.

Ipime kompyuta ikiwa kazini

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager likifunguka, ingia "Performance", liweke pembeni, kisha cheza ile sehemu ya taimlaini inayosumbua. Mwenye Mac afungue Activity Monitor. Usiguse mpangilio wowote bado. Tazama tu:

1. Diski imegonga 100% huku prosesa imetulia: data inachelewa kufika. Tatizo ni diski, au waya wake.
2. Prosesa iko juu ya 90% na GPU imelala: prosesa inahangaika peke yake kufungua faili zito. Chini ya grafu ya GPU kuna nyingine ndogo iitwayo "Video Decode". Ikiwa iko sifuri, kadi yako haisaidii chochote kwenye faili hilo.
3. RAM imejaa: kompyuta imeanza kuhamishia kazi kwenye diski, na kila kitu kinazorota.
4. GPU imejaa: angalia efekti, hasa za kuondoa chenga na za kutuliza picha inayotikisika.
5. Mambo yanaanza vizuri, kisha baada ya dakika kadhaa kasi ya prosesa inashuka: ni joto. Kompyuta inajipunguzia mwendo isiungue. Inua laptopu ipate hewa chini, safisha vumbi kwenye feni, na usiiweke juu ya kitanda.

Kama ni laptopu, chomeka chaja kabla ya kupima. Laptopu nyingi hupunguza nguvu za prosesa na kadi ya picha zikiwa kwenye betri, na mtu anaweza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Programu zenyewe nazo hutoa ishara. Kwenye Premiere bonyeza alama ya spana chini ya dirisha la kuonyeshea, uwashe "Show Dropped Frame Indicator". Kitone cha kijani kikigeuka njano, fremu zimeanza kurukwa. Kwenye Resolve kuna namba ya fremu kwa sekunde juu ya dirisha. Kitone chake kikiwa chekundu, mwendo umeshindikana.

Faili jepesi kubeba, gumu kuhariri

Chanzo kikubwa cha kukwama siku hizi ni mafaili ya simu na ya kamera ndogo, yaliyobanwa kwa H.264 au H.265, ambayo pia huitwa HEVC. Mbanano huu ulibuniwa ili video ichukue nafasi ndogo na isafiri kirahisi. Ndani yake, fremu chache tu zimehifadhiwa nzima. Zinazofuata zimehifadhi mabadiliko tu: kilichosogea, kilichobaki. Ukicheza kwenda mbele, kompyuta inajenga fremu moja baada ya nyingine bila shida. Lakini wewe unahariri: unaruka, unarudi nyuma, unakata, unarundika kamera tatu. Kila ukiruka, kompyuta inalazimika kurudi hadi fremu nzima ya karibu na kujenga upya zote za katikati ndipo ikuonyeshe hiyo moja unayoitaka.

Ongeza hapo ukubwa wa picha. Fremu ya 4K ina nukta 8,294,400. Ya 1080p ina 2,073,600. Ni mara nne. Kwa fremu 25 kwa sekunde, 4K inadai nukta zaidi ya milioni 207 kila sekunde, kwa kamera moja tu.

Lipo pia jambo linalowashangaza wenye kadi za bei kubwa. Kamera nyingi za kisasa hurekodi H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2. Kadi za NVIDIA kabla ya zile za RTX 50 haziwezi kufungua aina hiyo. Kazi yote inaangukia prosesa. Prosesa za Intel zenye kadi ya picha ya ndani, kuanzia kizazi cha 11, zinaiweza. Ndiyo maana unaweza kuona laptopu ya kawaida ikicheza klipu ambayo kompyuta kubwa ya mezani inaigandisha. Na ukinunua prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni mwa jina, ujue haina hiyo kadi ya ndani.

Tiba ya haya yote ni moja: proksi, yaani nakala nyepesi za klipu zako utakazotumia kuhariri, huku zile halisi zikisubiri siku ya kutoa kazi. Kwenye Premiere chagua klipu zote, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, nenda "Proxy" kisha "Create Proxies". Kwenye Resolve chagua "Generate Proxy Media". Chagua ProRes Proxy au DNxHR LB, ukubwa wa nusu au robo, uache kompyuta ifanye kazi usiku. ProRes Proxy ya 1080p kwa fremu 25 inachukua takriban GB 17 kwa saa moja ya video, kwa hiyo hesabu nafasi kabla ya kulala. Wakati wa kurenda, programu hurudi yenyewe kwenye faili halisi, mradi hujaweka tiki kwenye kisanduku cha kutumia proksi. Kikague kila mara.

Kushusha ubora wa kuonyesha hadi nusu au robo nako husaidia, na hakuathiri video ya mwisho. Lakini kunasaidia zaidi pale mzigo ulipo kwenye efekti. Faili gumu kufungua mara nyingi hubaki gumu vilevile.

Diski na waya

Usihariri moja kwa moja kutoka kwenye memori kadi wala flashi. Piga hesabu hii: kamera tatu, kila moja ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde, zinadai megabiti 300, yaani megabaiti 37.5 kila sekunde, bila kukatika. Diski ya nje kwenye tundu la USB 2.0 hutoa takriban megabaiti 30 hadi 40. Umefika ukingoni kabla hujaweka hata wimbo. Hamishia waya kwenye tundu la USB 3, hakikisha na waya wenyewe ni wa USB 3, kisha jaribu tena. Wengi hupona hapo.

Kama una SSD moja na diski moja ya kuzunguka, weka kashe na mradi unaoendelea kwenye SSD, zile kazi zilizokwisha ndizo zikae kwenye ya kuzunguka. Usiiache diski ijae mpaka mwisho. Kashe ya Premiere inafutwa kupitia "Preferences", sehemu ya "Media Cache"; ya Resolve ipo kwenye menyu ya "Playback", "Delete Render Cache". Kashe iliyoharibika huleta vioja: klipu inaonyesha picha ya klipu nyingine, au mawimbi ya sauti hayaonekani. Kuifuta hakugusi video zako halisi. Programu itaijenga upya.

Unapohamisha kadi ya kamera, nakili folda yote kama ilivyo. Kamera nyingi hukata rekodi ndefu vipande vya GB 4, na taarifa za kuviunganisha zimo kwenye mafaili madogo ambayo watu huyaacha wakidhani ni takataka. Ukiyaacha, utakuta hotuba ya baba mkwe imeruka nusu sekunde kwenye maungio.

Sauti ikiachana na midomo

Kwanza vua spika za masikioni za Bluetooth, uchomeke zenye waya. Bluetooth huchelewesha sauti, na watu wamesogeza klipu nzuri kabisa kwa sababu yake.

Kama bado, sikiliza sauti imeachana namna gani. Ikiwa imepishana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, klipu imewekwa vibaya tu, isogeze. Ikiwa inaanza vizuri kisha inapotea polepole, tatizo ni idadi ya fremu. Simu nyingi hurekodi fremu zisizo na mwendo thabiti: mwanga ukipungua au simu ikipata joto, zinashuka na kupanda. Programu ya kuhariri inapenda mwendo mmoja. Hata tofauti ndogo ya fremu 29.97 na 30 kwa sekunde inapoteza sekunde 3.6 kwa saa.

Thibitisha kwa programu ya bure ya MediaInfo. Fungua klipu, tafuta mstari wa "Frame rate mode". Ukisoma "Variable", umempata mwizi. Ipitishe klipu kwenye HandBrake, nayo ni ya bure: ingia "Video", chagua fremu 25 au 30, weka tiki kwenye "Constant Framerate", kisha geuza. Fanya hivyo kabla ya kuanza kukata, kwa sababu ukibadilisha faili katikati ya kazi, mikato yako inaweza kuhama.

Kuhusu 25 na 30: umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Taa za ukumbini zikiwa za ubora duni, picha iliyorekodiwa kwa fremu 30 inaweza kupepesa, na hakuna kurenda kutakakoondoa hilo vizuri. Rekodi kwa fremu 25 na shata ya 1/50 au 1/100. Kwenye iPhone, washa "Show PAL Formats" ili 25 ionekane kwenye orodha.

Picha nyekundu, ya kijani au iliyopauka

Skrini nyekundu yenye maneno "Media Offline" kwa kawaida ina maana faili limehamishwa, limebadilishwa jina, au diski ya nje imepewa herufi nyingine. Unganisha upya kwa "Link Media" au "Relink". Ukiwa na hakika faili lipo palepale na bado ni nyekundu, basi programu haiwezi kusoma kodeki yake. Ligeuze kwa HandBrake.

Sauti inasikika lakini picha haipo: mara nyingi ni HEVC kwenye Windows isiyo na kiongezo chake. Kinapatikana kwenye Microsoft Store.

Miraba ya kijani au waridi inayochomoza na kupotea hutokana na kadi ya picha kufungua faili vibaya. Sasisha draiva kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi. Kwa NVIDIA chagua ile ya "Studio". Isipotosha, zima "Enable hardware accelerated decoding" kwenye mipangilio ya Premiere. Kuhariri kutapunguza mwendo, lakini picha itakuwa safi.

Video ya iPhone ikionekana imeungua kwa mwanga, usiirekebishe kwa kushusha mwanga. Kuanzia iPhone 12, simu hizo huweza kurekodi HDR, na taimlaini yako ni ya kawaida. Mwambie Premiere, kupitia "Interpret Footage", namna ya kuisoma rangi hiyo, au washa usimamizi wa rangi wa Resolve. Kwa kazi zijazo, zima "HDR Video" kwenye mipangilio ya kamera.

Efekti zinazolemea

Juu ya taimlaini ya Premiere kuna mstari wa rangi. Nyekundu inasema sehemu hiyo huenda isicheze sawasawa bila kurendwa, njano huenda itacheza bila shida, kijani imesharendwa. Bonyeza Enter, programu itaandaa sehemu nyekundu. Kwenye Resolve, washa "Render Cache" na uchague "Smart". Panga kazi yako vilevile: kata kwanza, sauti pili, rangi tatu, na zile efekti nzito za kuondoa chenga na kutuliza mtikisiko ziwe za mwisho. Ukiziweka mwanzoni, utazibeba kila unapobonyeza kucheza.

Kurenda kukifia njiani

Tuseme video ya sherehe ya saa 2 inakwama kila mara kwenye 47%. Angalia kama umechagua "VBR, 2 pass". Hapo programu hupitia taimlaini mara mbili, na asilimia haikwambii mahali. Weka 1 pass, renda tena. Ikikwama palepale, piga hesabu: 47% ya dakika 120 ni dakika 56 na sekunde 24. Nenda dakika ya 55, bonyeza I. Nenda ya 58, bonyeza O. Renda kipande hicho peke yake. Kikigoma, sasa unachunguza dakika tatu badala ya saa mbili. Kigawe nusu, urende kila nusu. Inayogoma igawe tena. Ukigawa mara nne umebaki na sekunde 11, na humo mna klipu moja au mbili tu.

Ukifika hapo, mtuhumiwa huwa mmoja wa hawa:

- Picha kubwa mno. Picha ya mnato ya 6000 kwa 4000 ni nukta milioni 24, karibu mara tatu ya fremu ya 4K. Ukiweka thelathini za maharusi zikikuzwa polepole, kadi ya picha inazidiwa. Zipunguze hadi upana wa 3840.
- Picha ya CMYK. Ile nembo au kadi ya mwaliko uliyopewa na mtu wa uchapishaji imetengenezewa wino. Igeuze iwe RGB.
- Efekti au kiongezo cha nje. Izime, renda. Ikipita, umeshajua.
- Klipu iliyoharibika. Inakili upya kutoka kwenye kadi, au igeuze kwa HandBrake.
- Kipande cha fremu moja kilichosahaulika kati ya mikato. Kifute.

Ikiwa kila jaribio linafia mahali tofauti, acha taimlaini. Hapo tazama joto, nafasi ya diski na umeme usiotulia. Likija onyo la Resolve kwamba kumbukumbu ya GPU imejaa, shusha taimlaini hadi 1080p na uzirende kwanza klipu zenye efekti nzito. Kwenye Premiere, badilisha "Hardware Encoding" kuwa "Software Encoding". Itachukua muda mrefu, lakini hupita pale kadi ilipogoma.

Kazi ikiwa ya haraka na sababu haijapatikana, renda vipande vya dakika 20 kwa ProRes 422 au DNxHR HQ, viunganishe kwenye mradi mpya, ndipo utoe H.264. Umeme ukikatika utapoteza kipande kimoja tu. Tenga nafasi: ProRes 422 ya 1080p kwa fremu 25 inakula takriban GB 55 kwa saa.

Imetoka, lakini kwa mteja haichezi

Flashi nyingi huja na mfumo wa FAT32, usiopokea faili moja linalozidi GB 4. Saa 2 kwa megabiti 8 kwa sekunde ni GB 7.2, haitaingia hata flashi ikiwa ya GB 64. Ukiibadilisha kuwa exFAT itaingia, ila runinga za zamani huenda zisiisome. Salama zaidi ni kuigawa video sehemu mbili za saa moja moja, kila moja GB 3.6. Na toa H.264 ya 1080p, biti 8, usimpe H.265 ya 4K mtu ambaye runinga yake huijui.

Ukituma kwa WhatsApp, itume kama hati, la sivyo itabanwa. Ukipandisha YouTube na kuikuta ina ukungu, subiri: ubora wa chini hutayarishwa kwanza, ule wa juu hufuata.

Kabla ya kazi ijayo

Nakili kadi zote kikamilifu. Kagua klipu moja ya kila kamera na kila simu kwa MediaInfo. Geuza zisizo na mwendo thabiti. Tengeneza proksi. Kisha, kabla hujazama, chukua sekunde 30 zenye efekti zote unazokusudia kutumia, uzirende, uzicheze kwenye runinga. Kama kuna kitakachogoma, kigome siku hiyo, si usiku wa kuamkia kukabidhi.

Weka na daftari: dalili, grafu iliyokuwa juu, ulichobadilisha, matokeo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo daftari halitakuwa na maana. Baada ya kazi kadhaa litakuonyesha kama ni diski inayokuangusha kila mara, au RAM, au kufungua mafaili. Ukienda dukani, nunua hicho kilichoandikwa mara nyingi, na muuzaji akikusukumia kadi ya picha ya bei mbaya ilhali daftari linasema SSD, nunua SSD.